Hatamu sio breki: mguso kati ya mkono wako na mdomo wa farasi ni kitu gani hasa

Ile video ya Olimpiki ya Tokyo haiishi kurudi mitandaoni. Ni ya Agosti 2021, Annika Schleu wa Ujerumani yuko juu ya farasi anaitwa Saint Boy, analia, farasi hataki kuruka, anarudi kinyumenyume. Schleu alikuwa anaongoza pentathloni, yale mashindano ya michezo mitano kwa mtu mmoja, kabla ya kufika kwenye farasi, akamaliza wa 31. Kocha wake alitolewa kwenye mashindano kwa kumpiga farasi ngumi, na baadaye mchezo wenyewe ukaamua kuachana na farasi kabisa, Paris 2024 ikawa mara ya mwisho na Los Angeles 2028 wanamichezo watapita vizuizi kwa miguu yao wenyewe. Sasa kila ikirudi, ubishi ni uleule: kwani si angevuta tu hatamu? Mwingine anasema hapana, tatizo alizivuta mno. Wa tatu anasema hatamu zenyewe ni mateso, zitupwe zote.

Kitu kimoja wengi hawakijui ni kwamba kwenye mchezo ule farasi hakuwa wako, unapewa kwa kura na mnazoeana dakika 20 basi, mnaingia uwanjani. Ila hata ukilijua hilo bado swali la hatamu linabaki, na nimegundua linawasumbua hata watu wanaopanda kila wiki, tena wengine wana miaka juu ya farasi na ukiwauliza hatamu ni za nini wanakwambia ni usukani na breki. Sio hivyo. Na hiyo imani inawaumiza farasi wengi kuliko ukatili wa makusudi, maana mkatili ni mmoja mmoja lakini wanaoamini hatamu ni breki wako kila zizi.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Lijamu ni kile kipande kinachokaa mdomoni mwa farasi, mara nyingi cha chuma ingawa siku hizi zipo za mpira na plastiki. Hatamu ni ile mikanda miwili inayotoka kwenye lijamu, kushoto na kulia, mpaka mikononi mwako. Mguso ndo yale mawasiliano yanayopita kwenye ile mikanda pale ambapo haijalegea ikaning'inia na wala haijakazwa ikawa kama fimbo. Mguso sio kuvuta. Hapa ndo pa kushika kabla hatujaendelea, kuvuta ni kitu kingine na mguso ni kitu kingine.

Halafu inabidi ujue kinachoguswa ni nini. Ukimfungua farasi mdomo taratibu utaona meno ya mbele ya kukatia majani, kisha sehemu ya fizi isiyo na magego, kisha magego yenyewe kule ndani. Lijamu inakaa kwenye ile sehemu tupu. Fizi ya pale ni nyembamba sana na chini yake ni mfupa moja kwa moja, tena mfupa wenye ukingo. Na usidhani mdomo ukifungwa ndani kunabaki nafasi ya kuchezea, hakuna, ulimi umejaa kila mahali, kwa hiyo chuma kinalalia ulimi kwanza, halafu fizi, halafu pembe za midomo. Yaani kila unapotikisa kidole kule juu kuna ulimi umeguswa huku chini. Hata ukipiga chafya umesema kitu.

Mvuvi wa mshipi anaujua mguso bila kufundishwa na mtu. Mshipi ukilegea hasikii chochote, samaki anadonoa chambo anaondoka zake na yeye hana habari. Akiukaza kupita kiasi anachosikia ni mkono wake mwenyewe. Katikati ya hapo kuna ukazo mdogo tu ambao kidole kinasikia hata mdonoo mdogo wa kina kirefu, na hapo ndo mpanda farasi anatakiwa kukaa, mahali pa kusikia. Wengi wanafikiri hatamu ni za kupeleka ujumbe, lakini nusu ya kazi yake, pengine zaidi ya nusu, ni kupokea.

Kama huna farasi karibu jaribu hivi. Chukua kamba ndefu, mwenzako asimame mbele yako amekupa mgongo, ashike katikati ya kamba kwa mikono miwili, afumbe macho, wewe ushike ncha mbili nyuma yake. Tembeeni. Mwambie kila akihisi kitu aseme. Utashangaa anachokisema. Umegeuza kichwa kuangalia dirisha, yeye anasema umevuta kulia. Umejibu swali la mtu, anasema umekaza. Umefikiria tu kusimama, kabla hujafanya chochote unachokijua, tayari anapunguza mwendo. Halafu badilishaneni, wewe uwe farasi, na mwambie mwenzako alegeze kamba kabisa kisha aikaze ghafla. Ile shtuko unayoipata mikononi ndo farasi anayoipata kwenye ulimi kila mtu anapopanda na hatamu zinazoning'inia halafu anakumbuka kugeuka.

Sasa tuje kwenye kauli ambayo kila mwanafunzi anaambiwa siku ya kwanza: tuliza mikono. Ni kauli ya kweli lakini inaeleweka vibaya, mtu anakakamaza mabega, anagandisha viwiko, mikono inakuwa kama imepigiliwa misumari hewani, anaona ametii. Kumbe farasi kichwa chake hakitulii. Akiwa anatembea kichwa kinaenda mbele na kurudi, mara mbili kwa kila hatua kamili ya miguu yote minne. Kwenye kanta, ule mwendo wa mbio laini wa mapigo matatu, kinaenda mbele na kurudi mara moja kwa kila hatua. Kwenye troti peke yake, ule mwendo wa kudundadunda wa mapigo mawili, ndo kichwa kinatulia. Kwa hiyo ukigandisha mkono wakati farasi anatembea, kila akipeleka kichwa mbele anajigonga kwenye chuma, kila akirudisha mkanda unalegea, gonga legea gonga legea, saa nzima, na wewe unajiona una mikono imetulia.

Mkono unatakiwa utulie kwa mdomo wa farasi, sio kwa tumbo lako. Kama mdomo unaenda, mkono unaenda nao, na kinachouwezesha kwenda ni kiwiko. Kiwiko kinafunguka na kujifunga kama bawaba yenye mafuta. Waalimu wazuri wanaangalia mstari mmoja kutoka kiwikoni, kupita mkononi, kupita kwenye hatamu, mpaka mdomoni, ukitazama kutoka pembeni uwe umenyooka. Mkono ukishuka chini ya mstari huo unabana fizi, ukipanda juu unavuta pembe za midomo, kifundo cha mkono kikipinda ile njia ya kusikia inakatika. Na kwenye troti inakuwa kinyume, kichwa kimetulia ila wewe ndo unapanda na kushuka, kwa hiyo ukiinuka viwiko vinafunguka na ukikaa vinajikunja, mikono inabaki palepale. Asiyefungua viwiko mikono yake inapanda na mwili, na kila mpandisho farasi anaulipia.

Kwa hiyo mikono mibaya karibu siku zote ni kiti kibaya. Mtu asiyeweza kukaa kwa mizani yake mwenyewe atajishikilia kwenye kitu kilicho karibu, na kilicho karibu ni hatamu. Sio tabia mbaya, mwili wa binadamu ukihisi unaanguka unafumba vidole wenyewe. Ndo maana naona ni kosa kubwa kumkabidhi hatamu mtu ambaye hajawahi kukaa juu ya farasi. Mwalimu amshike farasi kwa kamba ndefu, amzungushe, mwanafunzi ashike mkanda wa shingoni au singa, ajifunze kwanza kukaa bila kuning'inia mdomoni mwa mnyama. Inachosha, watoto wanalalamika, wazazi wanauliza mbona mwanangu hajapewa hatamu, lakini mdomo wa farasi unaofundishia wanaoanza ndo unaovumilia kuliko wote na unastahili kuonewa huruma.

Namna ya kushika yenyewe haina mambo mengi. Mkanda unaingia mkononi kati ya kidole cha mwisho na cha pete, unapita kiganjani, unatokea juu ya kidole cha shahada, na dole gumba linaukandamiza pale. Gumba linakaa juu, sio kiganja kutazama chini. Kinachozuia mkanda kuteleza ni gumba, vidole vingine vinabaki laini kama vimefumba kitu usichotaka kukivunja. Wengi wanafanya kinyume, wanafumba ngumi yote halafu gumba limelegea, matokeo yake hatamu zinateleza kidogokidogo na baada ya muda ni ndefu, mtu anajikuta mikono iko tumboni. Mikono ikigusa tumbo huna tena mahali pa kwenda, hatamu zako ni ndefu, zifupishe. Na usizifupishe kwa kutambaza vidole huku unavuta. Weka hatamu zote mbili mkono mmoja kwa sekunde, ule mwingine uteleze mbele kwenye mkanda wake taratibu, shika, kisha fanya upande wa pili. Farasi asihisi kitu. Ukimwona mtu anafupisha hatamu na masikio ya farasi wake hayajabadilika, huyo mtu anajua anachofanya.

Haya, breki sasa. Farasi wa kawaida wa kupanda ana kilo 400 mpaka 600. Hakuna binadamu anayemsimamisha kwa nguvu za mikono, hata awe bondia. Farasi anasimama kwa sababu amejifunza kwamba akijibu mgandamizo, mgandamizo unaondoka. Kinachomfundisha ni ule uachiaji. Sio mvuto. Unakaa wima, unaacha kufuata mwendo wake na kiuno, unafumba vidole, na mara tu anapoanza kupunguza, namaanisha anapoanza, hata hajasimama, unaachia. Ukichelewa kuachia umemfundisha kwamba kutii hakuna faida. Ukiendelea kuvuta baada ya yeye kutii, kesho atajibu kwa kuchelewa, keshokutwa atajaribu kuegemea chuma, na mwisho utasikia mtu anasema huyu farasi ana mdomo mgumu. Wakati mwingine kweli kuna makovu, lakini mara nyingi mdomo haujawa mgumu hata kidogo, unasikia kila kitu, umekata tamaa tu ya kujibu.

Farasi wa mbio waliostaafu wanawachanganya sana watu kwenye jambo hili. Wengi wao wamezoea kuegemea lijamu wakiwa kasi, mpandaji wa mbio anashika kwa uzito na farasi anakaza shingo anasonga. Mtu anamnunua, anampanda, farasi anaongeza mwendo, mtu anavuta, farasi anaongeza zaidi, mtu anavuta kwa mwili mzima. Kwa farasi hiyo ni ishara ya kwenda. Hapo dawa ni kushika kidogo na kuachia, kushika na kuachia, huku unamchukua kwenye duara kubwa ambalo linampunguza lenyewe. Duara kubwa lakini, usimkunje ghafla akiwa kasi, anaweza kuanguka na wewe chini yake.

Huko kushika na kuachia kwa muda mfupi ndo wapandaji wanakoita nusu-kusimama, yaani unamwomba kama vile asimame halafu kabla hajasimama unamwacha aende. Kazi yake ni kumzindua, kumrudisha kwenye mizani, kumwambia jiandae kuna kitu kinakuja. Inachukua muda wa pumzi moja. Mwenye ujuzi akiifanya wewe uliyesimama pembeni huoni mkono ukienda popote, unaona tu farasi amejikusanya.

Usukani nao ni hivyohivyo. Simama kwenye uwanja wa wanaoanza uangalie kona. Mtoto anataka kwenda kushoto, anavuta hatamu ya kushoto mpaka kwenye goti, shingo ya farasi inakunjika kushoto kabisa, jicho linatazama kushoto, na mwili mzima unaendelea kwenda kulia. Bega la kulia ndo limeongoza. Shingo inakunjika kirahisi, farasi hageuki kwa shingo, anageuka kwa mabega, na mabega yanazuiwa na hatamu ya nje, yaani ile ya upande usiogeukia. Kwa hiyo unatazama unakokwenda, uzito unafuata macho, mguu wa ndani unamgusa ubavuni ili ajipinde, hatamu ya ndani inaomba kidogo tu mpaka uone ukope wa jicho la ndani, na ya nje inabaki na mguso wa kudumu ikimwambia bega lisitoroke. Watu wanaishughulikia hatamu ya ndani miaka mingi bila kujua kwamba ile ya nje ndo inashika kazi.

Sasa hapa kuna imani nyingine inayonisikitisha zaidi, kwamba farasi akiinamisha kichwa shingo ikapinda vizuri basi mguso upo. Picha inapendeza, ndo shida. Mtu anakuja anasogeza mikono kushoto kulia kushoto kulia, chuma kinakwaruza, farasi anakimbiza kidevu kifuani kukwepa maumivu, na watazamaji wanapiga makofi. Farasi aliyejificha nyuma ya lijamu hana mguso wowote, ukipima mkanda uko mwepesi kwa sababu amekimbia. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, zinasema kwenye mashindano ya kuonyesha mafunzo ya farasi, yale ya dressage, uso wa farasi uwe mbele kidogo ya mstari wa wima na kisogo kiwe sehemu ya juu kabisa ya shingo. Mwaka 2010 shirikisho hilohilo likatangaza kwamba kukunja shingo ya farasi kwa nguvu kupita kiasi hakukubaliki. Na mwaka 2025 likaleta kifaa cha kupimia ukazo wa ukanda wa pua, ule unaozunguka pua na taya, kwa sababu watu walikuwa wanaukaza mpaka farasi hawezi kufungua mdomo, na farasi asiyeweza kufungua mdomo hawezi kulalamika, basi anaonekana katulia.

Mguso wa kweli unatoka nyuma. Miguu ya nyuma inasukuma, nguvu inapita mgongoni, shingo inajinyoosha mbele na chini kutafuta mkono, na mkono upo pale kumpokea. Farasi ndo anakuja kuugusa mkono wako, wewe humfuati. Ndo maana kwenye ngazi sita za mafunzo ya Wajerumani mguso haupo mwanzo, ni wa tatu, unatanguliwa na mapigo yaliyo sawa ya mwendo na kulegea kwa mwili na akili. Farasi aliyeogopa au asiye na mapigo huwezi kumjengea mguso, utapata tu kichwa kilichofungwa. Ukishaelewa hilo utaelewa pia kwa nini dakika 20 na farasi mgeni aliyekwishaogopa hazikuweza kumsaidia mtu yeyote, na hatamu zilikuwa za mwisho kabisa kwenye orodha ya matatizo.

Je, tulegeze tu zote basi? Kwenye upandaji wa Kimarekani wa wachunga ng'ombe hatamu zinaning'inia kweli, mkono mmoja, farasi anageuka kwa kuhisi mkanda ukigusa shingo yake. Lakini huyo farasi amefundishwa muda mrefu kusikia uzito wa mkanda wenyewe, na mara nyingi lijamu yake ina mikono mirefu pembeni inayozidisha nguvu mara kadhaa, ule mvuto mdogo unaotoka mkononi haufiki mdomoni ukiwa mdogo. Ukimpa mtu asiye na mizani lijamu ya aina hiyo ni hatari kubwa. Kwa hiyo anayekushauri ubadilishe lijamu uweke kali zaidi kwa sababu farasi hasimami, muulize kwanza kama umeshajifunza kuachia.

Na wanaopanda bila lijamu kabisa, mimi siwapingi, wengi wao farasi wao wana raha. Ila kuondoa chuma mdomoni hakuondoi mkono mbaya. Bila lijamu mgandamizo unahamia puani, na mifupa ya pua nayo ni myembamba, hasa kuelekea chini, kuna neva zinapita juu yake, na zipo aina za hatamu zisizo na lijamu zenye vyuma vya pembeni zinazobana pua na kidevu kwa nguvu nyingi tu. Lijamu laini kwenye mkono unaosikia ni bora kuliko kamba ya pua kwenye mkono unaoning'inia, na kinyume chake pia ni kweli.

Farasi akianza ghafla kurusha kichwa, kufungua mdomo, kutoa ulimi pembeni, kupiga mkia kila ukigusa hatamu, wakati wiki iliyopita hakuwa hivyo, usianze na mafunzo wala na mkanda wa kumfunga mdomo. Muite daktari wa mifugo aangalie meno. Magego ya farasi yanaendelea kuota maisha yake yote na yanasagika vibaya yakaacha ncha zinazokata mashavu, na kuna vile vijino vidogo mbele ya magego ya juu ambavyo lijamu ikivigonga inauma. Mara moja kwa mwaka ni kawaida kumkagua hata kama haonyeshi dalili. Baada ya meno angalia upana wa lijamu, ikiwa fupi inabana midomo na ikiwa ndefu inateleza upande kwa upande, halafu angalia tandiko mgongoni, maana mgongo ukiuma farasi anakaza shingo na wewe utausikia mkononi ukadhani ni mdomo.